Ng'ombe wa Mlango wa Mbuthia

Mlango wa bucha ya Mbuthia uling'olewa na vijana waliovaa glavu nyeupe, na hilo peke yake lilitosha kumwambia Nyaguthii kwamba mumewe amefanya upuzi. Miaka yote ambayo wameuza nyama hapa Kericho, hakuna mtu aliyewahi kuingia mle na glavu nyeupe akatoka zikiwa bado nyeupe.

Alikuwa anatoka sokoni na kikapu cha nyanya na dania za kachumbari. Mahali pa mlango akakuta tundu. Mlango wenyewe ulikuwa barabarani, umelazwa juu ya godoro, vijana wawili wakiuinua kwa heshima ambayo watu huwekea majeneza.

"Polepole, jamani! Huyo ni mzee!" msichana mmoja mwenye miwani mikubwa akawaambia.

"Nani mzee?" Nyaguthii akauliza.

"Mlango, mum."

Mbuthia alikuwa kando, amevaa koti la suti juu ya koti lake jeupe la kazi, madoa ya damu yakichungulia chini ya vifungo. Alikuwa akitabasamu kama bwana harusi.

"Mama Shirley, usishtuke," akasema. "Huyu anaitwa Nelvine. Ni wa Makavazi ya Sanaa ya Nyanda za Chai, pale kwa ile nyumba ya zamani ya meneja. Mlango wetu ni sanaa."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani, mum," Nelvine akadakia kwa upole. "Ni vile tu hakuna mtu alikuwa amewaambia."

"Na mmelipa ngapi?"

Mbuthia akakohoa. Nelvine akatazama miti ya barabarani. Ikaeleweka kwamba hakuna aliyelipa kitu. Makavazi yalikuwa yametoa mlango mpya wa chuma, wa rangi ya kijivu, na kadi ya kuingia bure maisha yote. Zaidi ya hayo, jina la Mbuthia lingechongwa kwenye kibao cha shaba: Zacheus Mbuthia, Mfadhili wa Sanaa.

"Kadi ni ya wangapi?" Nyaguthii akauliza.

"Ya mtu mmoja," Mbuthia akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akaangalia viatu vyake.

*

Mlango ule ulikuwa na ng'ombe. Si kichwa tu, kama kwenye bucha nyingine, wala si fahali wa kutunisha misuli. Alikuwa ng'ombe jike mweupe, mzima mzima, jicho moja limezungukwa na doa jeusi, anayekutazama kama mama mkwe anayehesabu vipande ulivyojipakulia.

Jina lake Chelel, na aliwahi kuishi. Alikuwa wa mzee Johana wa Merigi, aliyemleta kwa Mbuthia baada ya kuzeeka, kisha akashindwa kuondoka. Mzee alisimama nje pale, kofia mkononi, hadi Mbuthia akamwita Adoyo, mchora mabango wa stendi, amchore ng'ombe yule mlangoni. Labda ilikuwa ni huruma, labda alitaka tu wateja wapate njia. Mzee alikalia kreti ya soda akitoa maelekezo: pembe ishuke kidogo, doa lipande, matiti usiyapunguze, alikuwa na maziwa huyo.

Tangu hapo Johana hakumuuzia mtu mwingine ng'ombe. Majirani zake wakamfuata, na wote wakaja na desturi moja: bei haitajwi mpaka muuzaji aweke kiganja chake kwenye paji la uso la Chelel. Mnunuzi naye anaweka chake kando. Viganja vikishakaa pale, uongo hauna nafasi. Kama fahali wako anakohoa, unasema anakohoa. Kama pesa yote huna, unasema hunayo. Mbuthia alizoea biashara hiyo ya raha hata akasahau njia ya kwenda mnadani, na wateja wakasema hakuna nyama kama ya Ng'ombe wa Mlangoni. Paji la Chelel likang'aa kwa kuguswa. Nelvine, alipoliona, aliandika kwamba msanii alitumia mbinu ya kipekee ya mwanga.

*

Johana alifika juma lililofuata, ameketi mbele kwenye pikapu, fahali wake mwekundu nyuma.

"Chamgei, Mama Shirley."

"Chamgei mising, mzee."

Akavua kofia. Akainua mkono bila kuangalia, kama mtu anayetafuta swichi ya taa nyumbani kwake, na kiganja kikagonga chuma baridi. Akakirudisha haraka.

"Chelel ako wapi?"

Nyaguthii akageuka kumtafuta mumewe. Mbuthia alikuwa ameinama nyuma ya mzani, anapangusa kitu kisichokuwa na vumbi.

"Ako myuziam, mzee."

"Anaumwa nini?"

"Haumwi. Ni mahali pa kuweka vitu vya maana."

"Kwani hapa alikuwa kitu ya bure?"

Nyaguthii alimtazama fahali mwekundu, akaona paja, akaona mbavu zilizojaa, akaona karo, akaona binti yake Shirley akirudi chuoni. Uongo ukamtoka kabla hajaualika.

"Walikuja wakamchukua kwa nguvu, mzee. Watu wa ofisi kubwa. Sisi ni nani wa kuwakataza?"

Nyuma ya mzani, mpangusaji akaacha kupangusa.

Johana alitikisa kichwa muda mrefu. "Pole sana. Pole sana kwenu." Kisha akaugonga mlango mpya kwa kidole kimoja. "Sasa mimi nitaje bei nikiwa nimeshika nini? Hii bati?"

"Si utaje tu, mzee. Tunajuana."

"Tunajuana mbele ya Chelel," akasema, bila ubaya wowote, na akapanda pikapu. Fahali alipita mbele ya bucha akiitazama nafasi ambayo angekuwa ananing'inia, akaenda zake nyumbani.

*

Merigi nzima ikaacha kuleta ng'ombe. Hawakukasirika, la. Walipiga simu kutoa pole, kama watu waliosikia msiba. Mmoja aliuliza mlango unazikwa lini, ili wachange.

Ndoano zikaanza kung'aa kwa kukosa kazi. Mbuthia akalazimika kwenda mnadani, akiwa bado na kalamu mfukoni kama mfadhili wa sanaa, akanunua fahali mnene aliyekuwa akitembea kwa madaha. Kumbe fahali alikuwa amelishwa chumvi asubuhi ile akanyweshwa mapipa ya maji. Alipofika kichinjioni alikuwa amekojoa unene wake wote njiani.

Nyanchoka, mwenye hoteli ya ng'ambo ya barabara, alichukua kilo zake kama kawaida. Mchana akarudi na sahani.

"Mama Shirley, nikuulize tu kama dada yako. Hii ng'ombe ilikuwa inajiandaa kwa marathoni?"

"Chemsha zaidi, Nyanchoka."

"Nimechemsha mpaka sufuria imelainika. Nyama bado. Kuna mteja ametafuna, akaweka chini, akaomba Mungu, akaanza tena." Akasukuma sahani mbele, mbele ya watu. "Kesho nitajaribu ile bucha ya kona. Usinichukie, nina watoto."

Nyaguthii akasubiri aondoke. Kisha akamgeukia mumewe.

"Baba Shirley, nenda ukamwambie yule msichana unataka mlango wako."

"Nitarudije kuomba? Jina langu liko ukutani. Wageni watalisoma, hata wazungu."

"Wakishalisoma watanunua matumbo?"

"Heshima haipimwi kwa kilo."

"Nyumba hii yote inapimwa kwa kilo! Shirley anarudi chuoni na nini? Atampelekea bursa wa karo kibao cha shaba?"

"Wewe hujui sanaa," Mbuthia akasema kwa uchungu wa kweli. Maisha yake yote watu walikuwa wamemwita Mbuthia wa Maini. Wiki moja tu alikuwa ameitwa kitu kingine.

Nyaguthii alimwonea huruma kiasi cha kutoongeza neno. Alivua aproni, akavaa leso ya kanisani, akaenda mwenyewe.

*

Langoni kwa makavazi alikaa Mageto, mlinzi, ambaye kila Jumamosi hununua kwa Mbuthia robo ya nyama ya kusaga na kuomba aongezewe.

"Mama Shirley! Karibu sana. Ni mia mbili."

"Mageto, nimekuja kuona mlango wangu."

"Najua. Ni mia mbili kuuona."

"Si mume wangu ana kadi?"

"Kadi ina picha ya mzee. Wewe hufanani na yeye, na hiyo ni baraka." Akampa tikiti. "Haki si mimi, Mama. Kamera inaniangalia."

Ndani kulikuwa baridi na kimya. Alipita vyumba vya vikapu, vibuyu vya maziwa vilivyowekwa kwenye masanduku ya kioo, kigoda ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukikalia. Alipita picha kubwa za wachuma chai. Wote walikuwa wanatabasamu, migongo imenyooka, na Nyaguthii akajua papo hapo kwamba mchoraji hajawahi kubeba kikapu cha chai hata kidogo. Chelel alikuwa amepewa chumba kizima. Taa tatu zilimmulika, na kamba nyekundu ilimzuia asifikiwe, kama mheshimiwa.

Karatasi ukutani ilisema: Msanii hajulikani. Ng'ombe anamkabili mtazamaji kwa huzuni, akipinga ulaji wa nyama.

"Anapinga?" Nyaguthii akasema kwa sauti, peke yake. "Chelel, wewe? Umetuuzia maini miaka yote hiyo!"

Akavuka kamba, akaweka kiganja kwenye lile paji lililong'aa. Mahali fulani kengele ikalia kama mbuzi aliyekanyagwa. Mageto akaja mbio, kofia ikianguka, na nyuma yake Nelvine.

"Mum, hatugusi!"

"Huu mlango nimeuosha kwa omo kila Jumamosi!"

"Ndiyo maana rangi ya chini imefifia," Nelvine akasema kwa masikitiko, na hakuwa anatania. Akamketisha kwenye benchi, akamletea maji. Hakuwa mtoto mbaya. Baba yake alikuwa na ng'ombe huko Ndanai, lakini yeye alikuwa amesoma sana hata ng'ombe hao wakawa wamehama kutoka kwenye kichwa chake.

Nyaguthii alieleza yote: viganja, bei, Merigi, fahali wa maji ya chumvi. Nelvine alisikiliza kwa makini hadi mwisho.

"Hii ni nzuri ajabu," akasema. "Naweza kurekodi?"

"Nataka mlango wangu, binti."

"Kitu kikishaingia kwa mkusanyo hakitoki. Mzee wako alitoa milele. Labda tuwaazime. Lakini kuna masharti: kusiwe na moshi, kusiwe na mafuta, na kusiwe na nyama karibu nao."

"Mnirudishie mlango wa bucha, ili mradi nisiuze nyama?"

"Kitaalamu, ndiyo."

Nyaguthii akanywa maji. "Na huyo msanii anajulikana. Ni Adoyo. Yuko stendi sasa hivi anachora namba za pikipiki."

"Tunamjua," Nelvine akapunguza sauti. "Lakini wafadhili wanapenda asijulikane. Akijulikana, watauliza kwa nini hatujamlipa."

Wote watatu wakamtazama Chelel, Mageto akiwa amevua kofia bila kujua kwa nini. Hakuna hatua ya mtu iliyosikika katika vyumba vyote vile.

"Wageni wako wapi?" Nyaguthii akauliza.

Nelvine akavua miwani, akaifuta. "Wiki hii ni wewe. Na mwingine, lakini huyo alikuwa anatafuta choo. Mwezi ujao bodi inakutana. Wakiona hesabu ya wageni, mum, wataifanya hii nyumba hoteli."

Nyaguthii alimtazama Chelel, akamtazama msichana, akatazama mlango mpana wa kioo uliofunguka kwenye nyasi na, ng'ambo ya nyasi, chai mpaka upeo wa macho. Bei haikuwahi kutegemea bucha. Ilitegemea ng'ombe mmoja tu, na ng'ombe huyo alikuwa pale.

"Na asubuhi," akauliza, "mnafungua saa ngapi?"

*

"Mama Shirley," Mageto akasema langoni, "ng'ombe analipa kama mtu mzima ama mtoto?"

Pikapu tatu zilikuwa zimepanga foleni kwenye njia ya changarawe. Johana alikuwa wa kwanza na fahali wake mwekundu, na nyuma yake majirani wawili wa Merigi, mmoja amefunga tai. Basi la shule moja ya msingi lilikuwa limefika wakati huohuo, na watoto wa sare za kijani walikuwa wameisahau sanaa yote ya ndani, wanamtazama fahali akinya mbele ya sanamu ya mawe.

"Ng'ombe haingii ndani," Nelvine alikuwa akisema, karibu kulia. "Mum, tulikubaliana wazee tu."

"Atakaa nje. Baba Shirley atamshika."

Mbuthia alikuwa amevaa suti. Alikuwa ametumaini kuwaonyesha watu wa Merigi kibao chake. Akapewa kamba. Hivyo ndivyo mtu pekee Kericho nzima aliyekuwa na kadi ya kuingia bure maisha yote alivyobaki nje, huku fahali akimlamba mfuko ambao kadi ilikuwamo. Johana alisimama naye kidogo, akimwonyesha namna ya kushika pua. Wakaongea mawili matatu. Kisha mzee akaingia, majirani nyuma, watoto nyuma yao, mwalimu akiwahesabu bure.

Mbele ya Chelel, Johana akavua kofia. Akalikagua doa la jicho, akaikagua pembe.

"Wamekuosha," akamwambia ng'ombe.

Nelvine akaleta glavu nyeupe. "Mzee, kushika ni sawa, nimeongea na mkubwa. Lakini kwa hizi."

Johana alizigeuza geuza. "Hizi ni za kuvuta ndama?"

"Ni za kulinda rangi."

"Ngozi kwa ngozi ndiyo ukweli, mtoto. Mtu akivaa hii anaweza kusema chochote." Akamrudishia kwa adabu, akakunja mikono nyuma ya mgongo, na ilikuwa wazi angeweza kusimama hivyo mpaka chai yote ya Kericho ichumwe.

Nyaguthii akamvuta Nelvine kando. "Hesabu hao watoto. Hesabu walimu. Hesabu wazee. Sasa uende ukaambie bodi uliwafukuza kwa sababu ya rangi."

Nelvine akahesabu. Midomo yake ilicheza. Kisha akafungua kamba nyekundu mwenyewe, akawageukia watoto, na sauti yake ikawa ya mtu mwingine kabisa. "Sasa mtaona sanaa ya maonyesho! Hakuna kupiga kelele!"

Kiganja cha Johana kikatua kwenye paji la Chelel. Nyaguthii akaweka chake kando. Hakuwahi kufanya hivyo. Miaka yote hiyo ilikuwa kazi ya Mbuthia, yeye akikata, akipima, akiosha. Ubao ulikuwa vuguvugu kwa sababu ya taa, kama mnyama.

"Fahali yangu," Johana akasema, "alikohoa kabla ya mvua. Dawa alipewa, akapona. Jicho la kushoto linatoa machozi, sijui kwa nini. Hiyo ndiyo yangu." Akamgeukia. "Sasa nikuulize wewe, Mama Shirley. Chelel walimchukua kwa nguvu?"

Nyaguthii aliwaona majirani wawili wakingoja, akaona nyuma yao Merigi yote, na ng'ombe wake wote, wakipanda pikapu na kuondoka mara ya mwisho. Neno moja tu, ndiyo, na fahali alikuwa wake. Lilikuwa limeshafika ulimini.

"Hapana," akasema. "Hakuna aliyekuja kwa nguvu. Baba Shirley aliwapa mwenyewe, ndio jina lake liandikwe ukutani. Na mimi nilikudanganya, mzee, kwa sababu nilitaka fahali."

Johana alivuta pumzi. Jirani mwenye tai akaguna.

"Hiyo ya mzee wako nimeisikia sasa hivi hapo nje," Johana akasema. "Mtu akiachiwa fahali mkubwa anaungama haraka sana. Nilikuwa nangoja tu yako." Akafikiri. "Basi bei ni ile ya siku zote. Alafu unaongeza kidogo."

"Kidogo ya nini?"

"Ya kunipa pole kwa uongo. Nilihuzunika wiki mbili nikiwaonea nyinyi huruma. Huruma yangu sio ya bure."

"Mzee, hiyo ni kuninyonga!"

"Umeshika Chelel. Sema kama huna."

Alikuwa nayo. Wote wawili walijua, na Chelel pia alijua. Nyaguthii akafunga macho, akataja kile alichokuwa nacho, chote, pamoja na zile za Shirley zilizofichwa chini ya unga. Johana akakubali kwa kichwa, na watoto wa sare za kijani wakapiga makofi kwa nguvu kiasi kwamba kengele ya ukutani ikalia yenyewe.

Nelvine alikuja akipangusa macho. "Mum, ilikuwa ya ajabu. Mnaweza kuirudia saa nane? Kuna shule nyingine inakuja."

"Kurudia nini?" Johana akauliza, akiwa kweli hajaelewa.

"Tutarudia," Nyaguthii akasema, kiganja bado kiko palepale. "Lakini kila mara ni ng'ombe mwingine, huyu ameshauzwa. Anayeleta ng'ombe halipi langoni. Mnunuzi pia halipi. Na ile karatasi ya ukutani mwandike Adoyo, ama Chelel anarudi kula moshi."

Nelvine akawatazama watoto waliokuwa bado wanapiga makofi, akachomoa kalamu.

"Anayefuata!" Nyaguthii akaita, kwa sauti anayowaitia wanunuzi wa matumbo, na mzee mwenye tai akaanza kukunja mikono ya shati.